Goma: Gari likikwama kwenye vitesi moja, huenda bwate ni nzima

Magari mengi yaliyotumika Japani, yanayopita leo barabara za Goma na Bukavu, yana bwate otomatiki. Moja likikataa kubadilisha vitesi, mwenye gari huambiwa haraka anunue bwate nyingine. Wakati mwingine kilichokufa ni waya tu.

Kompyuta ya gari hupokea habari kutoka vipimo vidogo: hewa inayoingia katika moteri, joto la maji, mwendo wa gari. Kwa habari hizo hupanga kiasi cha mafuta na wakati wa buji kuwasha moto. Upande wa bwate, hufungua na kufunga vali ndogo za umeme. Oili inayopita humo ndiyo inabadilisha vitesi.

Kipimo kimoja kikinyamaza, pengine kwa sababu ya maji au jiwe lililokata waya, kompyuta huwasha taa ya moteri. Magari mengi hapo hubaki kwenye vitesi moja, kusudi dereva afike garaji bila kuharibu zaidi. Ni ulinzi, ingawa dereva aliye kwenye mlima hauoni hivyo.

Kosa huandikwa ndani kwa namba. P0720, kwa mfano, huelekeza kwenye kipimo cha mwendo upande bwate inapotolea nguvu. Mashine ya kusoma huchomekwa chini ya volani. Fundi anayeanza kwa kung'oa batri anaweza kuifuta namba hiyo kabla haijasomwa.