Durban: Nani anayeihesabu ardhi ya nyumba?

Tarehe 19 mwezi Machi mwaka 2005, wakaazi wa mtaa wa mabanda wa Kennedy Road mjini Durban, Afrika Kusini, walifunga kwa matairi yanayowaka barabara kubwa inayopita karibu na makaazi yao. Polisi waliwatia mbaroni watu 14.

Madai yao yalihusu kipande kimoja tu cha ardhi. Walisema kuwa kwa miaka kadhaa walikuwa wameahidiwa kujengewa nyumba katika eneo lililo jirani, na matingatinga yalipoingia walidhani siku yao imewadia. Walipouliza wakaambiwa kuwa ardhi hiyo imekwisha kutolewa kwa shughuli za kutengeneza matofali.

Kutokana na tukio hilo ilizaliwa, mwaka huo huo, harakati ya Abahlali baseMjondolo, yaani wakaazi wa mabanda kwa lugha ya Kizulu. Tukio hilo liliacha pia swali linaloukabili kila mji unaokua: ardhi inapotengwa kwa ajili ya nyumba, ni nani anayefuatilia mwaka hadi mwaka kuona kama ingali ipo na kama inajengeka?

Sheria inasemaje?

Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, katika kifungu cha 26, inampa kila mtu haki ya kupata makaazi ya kutosha. Sheria ya Makaazi ya mwaka 1997 inaitaka kila manispaa kubainisha na kutenga ardhi kwa ajili ya ujenzi wa nyumba.

Sheria nyingine, ya mwaka 2000, inaitaka manispaa iwe na mpango jumuishi wa maendeleo, na mpango huo upitiwe upya kila mwaka. Kisha ikaja sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Julai 2015. Hii inadai kwamba mpango wa ardhi wa manispaa ukadirie ongezeko la watu kwa miaka mitano ijayo, mahitaji ya nyumba kwa watu wa vipato mbalimbali, na mahali nyumba hizo zitakapojengwa.

Kwa maneno mengine, manispaa haitakiwi kutoa ahadi tu. Inatakiwa kutoa hesabu, na kuirudia.

Pande mbili za mizani

Durban inaongozwa na manispaa ya eThekwini, iliyoundwa mwaka 2000 kwa kuunganisha mji huo na maeneo yanayouzunguka. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu humo watu milioni 3.4, ile ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 4.2. Mitaa ya mabanda ni zaidi ya 500, na upungufu wa nyumba umekuwa ukitajwa kuwa karibu 400,000.

Huo ni upande wa mahitaji. Upande wa ardhi ni mgumu zaidi, kwani hekta moja iliyochorwa kwenye ramani si lazima iwe hekta moja ya kujenga.

Durban ni mji wa vilima na mabonde. Miteremko mikali huondolewa kwenye hesabu, na kandokando ya mito pia. Yapo maeneo ya uoto wa asili ambayo manispaa yenyewe imeyawekea ulinzi. Sehemu kubwa ya eneo lake ni ya vijijini, iliyo chini ya viongozi wa jadi, na ardhi nyingi ya namna hiyo iko mikononi mwa Ingonyama Trust, wakfu ulioundwa mwaka 1994, ambao mdhamini wake ni mfalme wa Wazulu. Huko manispaa haiwezi kupima viwanja na kugawa kwa uamuzi wake peke yake.

Hata ardhi inayobaki baada ya mchujo huo ina sharti jingine: maji, umeme na mabomba ya maji taka. Manispaa imechora mpaka unaoonyesha mwisho wa eneo ambalo huduma za mji zitafikishwa. Kiwanja kilicho nje ya mpaka huo, au kinachosubiri mtambo wa maji taka ambao haujajengwa, kinaweza kuwamo katika orodha kwa miaka kumi bila hata msingi mmoja kuchimbwa.

Ndiyo maana mapitio ya kila mwaka yana uzito. Kazi yake ni kutenganisha ardhi iliyo tayari na ile inayotarajiwa, na kueleza kilichobadilika.

Umbali nao ni gharama

Hesabu ya Durban ina mzigo wa historia. Baada ya sheria ya mwaka 1950 ya kutenga maeneo kwa misingi ya rangi, wakaazi wa Cato Manor, kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, walihamishwa kwa nguvu. Waafrika walipelekwa KwaMashu na Umlazi. Watu wenye asili ya Kihindi wakapelekwa Chatsworth na Phoenix. Sehemu kubwa ya Cato Manor ikabaki tupu kwa miaka mingi.

Baada ya mwaka 1994 serikali mpya iliahidi kujenga nyumba milioni moja kwa miaka mitano. Ili fedha za ruzuku zitoshe, nyingi zilijengwa mahali ambapo ardhi ni rahisi, nako ni pembezoni. Familia ikapata nyumba, lakini nauli ya kwenda kazini ikala mshahara. Mapitio yanayohesabu paa bila kupima umbali yanaweza kuonyesha mafanikio ambayo mwenye nyumba hayaoni.

Mradi wa Cornubia, kaskazini mwa Durban, ulikusudiwa kuivunja desturi hiyo. Ulipangwa katika mashamba ya miwa ya kampuni ya Tongaat Hulett, karibu na eneo la kitajiri la Umhlanga, kwa lengo la nyumba zipatazo 24,000, zaidi ya nusu zikiwa za watu wa kipato cha chini. Familia za kwanza zilikabidhiwa nyumba mwaka 2014. Zaidi ya miaka kumi baadaye, lengo hilo lingali mbali.

Mvua na mahakama

Mwezi Aprili mwaka 2022 mvua kubwa ziliua zaidi ya watu 400 katika jimbo la KwaZulu-Natal, wengi wao katika eneo la Durban. Nyumba zilisombwa mabondeni na kwenye miteremko, na baadhi ya walionusurika waliishi kwa muda mrefu katika hifadhi za muda huku ardhi salama ikitafutwa. Tangu hapo, mpango wowote uliochorwa kabla ya mvua hizo unastahili kuangaliwa upya.

Kuwafukuza watu nako si jawabu. Mwezi Oktoba mwaka 2009 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na Abahlali baseMjondolo, ilibatilisha kifungu cha sheria ya jimbo ya mwaka 2007 kilichowalazimisha wamiliki wa ardhi na manispaa kuwafungulia wakaazi wa mabanda kesi za kuwahamisha.

Na Waafrika Mashariki?

Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wengi wanaishi katikati ya mji wa Durban. Nyumba za ruzuku hutolewa kwa raia na wenye ukaazi wa kudumu tu. Mkimbizi hulazimika kupanga chumba. Kwake yeye, sehemu ya mpango inayohusu nyumba za kupangisha ndiyo yenye maana.

Mwananchi aulize nini?

Mwaka wa fedha wa manispaa huanza Julai mosi. Rasimu ya bajeti hutakiwa kuwasilishwa kabla ya mwezi Machi kwisha, wananchi wakatoa maoni, na baraza likapitisha kabla ya mwaka huo wa fedha kuanza. Meya hutoa ripoti ya fedha kila robo mwaka, na ripoti ya mwaka hutakiwa kufika barazani kabla ya mwisho wa Januari.

Maswali yenye manufaa ni machache. Eneo hili lililotajwa mwaka jana lingali kwenye orodha? Kama limeondolewa, ni nani aliyeamua, na wakaazi waliarifiwa lini? Mmiliki ni nani? Bomba la maji taka litafika mwaka gani, na je, fedha zake zimo katika bajeti? Nyumba ngapi zimekamilika, si ngapi zimepangwa?

Maswali hayo yanafaa pia Dar es Salaam, ambako mradi wa viwanja 20,000 ulianza mwaka 2002 na vingi kati ya viwanja hivyo vikakaa miaka bila kujengwa. Kupima ardhi ni kazi ya mara moja. Kuifuatilia ni kazi ya kila mwaka, na pasipo anayeuliza, haifanyiki.