Maharage ya Bustani Si Mshahara, Lakini Yapande



Kila aliyeishi kambini anaijua wiki ya mwisho wa mwezi. Mshahara bado, unga umefika chini ya gunia, na mwenye duka amekwisha andika jina lako mara tatu katika daftari la madeni. Wiki hiyo ndiyo iliyonifundisha kulima maharage nyuma ya nyumba, nilipokuwa mchuma chai hapa Uganda magharibi.

Msimu wa kwanza nilikosea. Nilipanda kandokando ya chai bila kuandaa udongo, maharage yakatoka manjano na kudumaa. Mzee mmoja wa kambi alinieleza kwamba chai hupenda udongo mchachu, lakini maharage hayaupendi. Tangu siku hiyo hutia majivu ya jikoni na samadi iliyooza majuma mawili kabla ya kupanda.

Chagua maharage mafupi yasiyohitaji miti ya kutambalia. Kituo cha utafiti cha Kawanda kilitoa aina ya K20 mwaka 1968 na K132 mwaka 1994, na zote mbili ni fupi. Panda mvua zinapoanza, Machi na tena Septemba. Kipande cha meta 5 kwa 10 kinataka mbegu nusu kilo. Mstari hadi mstari uwe sentimeta 50, mbegu hadi mbegu 10, na shimo lisizidi kina cha 5. Mbegu iliyotobolewa na wadudu usiipande.

Baada ya majuma mawili au matatu, palilia na kupandishia udongo kwenye shina, ili mmea ulioshambuliwa na inzi wa maharage upate mizizi mipya. Usiingie bustanini majani yakiwa na maji, kwa maana mikono na nguo hueneza ugonjwa. Maua yakitoka, weka jembe chini.

Kwa siku 75 hadi 90 maganda hukauka. Ng'oa, anika, pura. Yaweke katika jerikeni safi, lijaze nusu tu, ulizungushe chini asubuhi na jioni. Kiwavi mdogo hushindwa kutoboa mbegu inayogeukageuka. Lakini jerikeni lililowekwa dawa ya shambani usilitumie kamwe, hata ukiliosha mara kumi.

Sasa tufanye hesabu. Bustani hiyo hutoa kilo 5 hadi 10. Nyumba inayopika nusu kilo kwa siku itakula siku 10 hadi 20. Wiki ile mbaya imevukwa, lakini karo ya shule haimo, wala dawa, wala viatu. Kwa hiyo mwajiri akisema, "Mnalima, basi mshahara unatosha," mpigieni hesabu hii. Serikali ya Uganda ilipanga mshahara wa chini wa shilingi 6,000 kwa mwezi mwaka 1984. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada mpya wa mshahara wa chini, Rais hakuutia saini.

Liko jambo moja zaidi. Katika shamba moja nililofanyia kazi, nyapara aliamuru bustani zetu zifyekwe, maharage yakiwa katika maua. Kina mama walisimama na majembe mikononi, wakitazama. Hatukuwa na la kudai, maana ardhi ile tulipewa kwa mdomo tu.

Tangu hapo, kila tunapokaa na mwajiri kuzungumzia mkataba, naomba mstari mmoja uandikwe: mfanyakazi apewe kipande cha bustani, na asiondolewe bila notisi ya siku 90. Siku hizo sikuziokota hewani. Ndizo maharage yanazohitaji kutoka mbegu hadi chungu.

Ndugu, kabla hujanunua mbegu, muulize mwakilishi wa tawi lako: mstari huo umo katika mkataba wetu? Kama haumo, uletwe mkutanoni. Na wakati mnaungoja, pandeni.