Shukrani iliyozaliwa msibani: Asili ya sikukuu ya Wamarekani

ALHAMISI ya nne ya Novemba kila mwaka, mamilioni ya Wamarekani husafiri kurudi kwa wazazi na ndugu zao kuadhimisha Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga huokwa, sala huombwa, na katika nyumba nyingi kila aliyeketi mezani, mkubwa kwa mdogo, hutaja jambo analolishukuru kwa mwaka unaoelekea kwisha.

Anayeitazama meza hiyo kwa mbali aweza kudhani kwamba hiyo ni sikukuu ya walioshiba. Historia yaeleza vingine.

Mwishoni mwa mwaka 1620, meli ya Mayflower iliwafikisha Amerika abiria 102 kutoka Uingereza, wakiwamo Wakristo waliokuwa wamejitenga na kanisa rasmi la nchi yao. Baridi, maradhi na upungufu wa chakula viliwaandama. Majira ya baridi yalipokwisha, takriban nusu yao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Aliyewafundisha waliobaki kupanda mahindi ya nchi ile alikuwa mwenyeji aitwaye Tisquantum. Naye alikuwa mfiwa. Mwaka 1614 alitekwa na nahodha Mwingereza akapelekwa Hispania, na aliporudi mwaka 1619 alikuta watu wa kijiji chake wameangamizwa na ugonjwa. Baada ya mavuno ya mwaka 1621, wageni hao walifanya karamu. Massasoit, kiongozi wa Wawampanoag, alifika na watu wapatao 90, wakaleta kulungu watano, na wote wakala pamoja kwa siku tatu.

Hata hivyo, karamu hiyo haikugeuka mara moja kuwa sikukuu ya taifa. Kwa hilo, sifa kubwa yamwendea mama mjane, Sarah Josepha Hale. Mumewe alifariki mwaka 1822, akamwachia watoto watano wa kulea. Mama huyo alivaa nguo nyeusi za msiba hadi mwisho wa maisha yake. Akiwa mhariri wa jarida la wanawake, aliwaandikia magavana na marais kwa miaka mingi, akiomba taifa zima liwe na siku moja ya kushukuru. Septemba 28, 1863, alimwandikia Rais Abraham Lincoln.

Wakati huo Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Julai ya mwaka huo, maelfu walikuwa wameuawa kwa siku tatu tu huko Gettysburg. Lincoln mwenyewe alikuwa amemzika mwanawe Willie, mwenye umri wa miaka 11, Februari 1862. Pamoja na hayo yote, Oktoba 3, 1863, alitoa tamko la kutenga siku ya shukrani. Tamko hilo halikuficha majonzi: liliwataka wananchi wamshukuru Mungu, watubu makosa ya taifa, na wawakumbuke mbele zake wajane, yatima na wote wanaoomboleza. Sheria ya kuiweka Alhamisi ya nne ilipitishwa mwaka 1941.

Hapo ndipo ilipo maana ya shukrani katika imani ya Kikristo. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike, watu waliokuwa wakiteswa, kwamba washukuru katika kila hali. Hakuwaambia waite mateso mema. Mjane huyo hakuvua nguo nyeusi ili apate kushukuru. Alishukuru akiwa amezivaa.

Ikumbukwe pia kwamba tangu mwaka 1970 baadhi ya wenyeji wa asili wa Amerika hukutana Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza ardhi na watu wao waliopotea. Shukrani isiyosikia kilio cha jirani yake haijakamilika.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mambo haya si mageni. Makanisa mengi huku huwa na sikukuu ya mavuno, na familia hupeleka sadaka ya shukrani mgonjwa anapopona au mtoto anapozaliwa. Pengine linalosahaulika ni kwamba hata nyumba iliyofiwa, au iliyovuna debe moja mahali pa magunia kumi, inayo nafasi katika ibada hiyo. Wahenga walisema, asiyeshukuru kwa kidogo, hata kwa kikubwa hatashukuru.