Wajumbe 538 na Kura ya Mtu wa Wyoming

Kila Marekani ikifanya uchaguzi, naulizwa swali lile lile: mwenye kura nyingi anashindwaje? Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni 2.9, na Ikulu akaikosa. Hapakuwa na kosa la hesabu. Mmarekani akitia alama kwenye karatasi, kisheria anachagua wajumbe wa jimbo lake. Wako 538 nchi nzima. Anayefikisha 270 ndiye rais. Karibu kila jimbo humkabidhi mshindi wajumbe wote hata akishinda kwa kura moja. Maine na Nebraska pekee ndizo huwagawa. Clinton aliangukia Pennsylvania, Michigan na Wisconsin. Jumlisha alichozidiwa huko kote, unapata kura kama 78,000: watu wa kujaza Uwanja wa Mkapa, na wengine wakabaki nje ya geti.

Watetezi husema mfumo huu hulinda majimbo madogo. Kwa hesabu, ni kweli. Wyoming ina watu wasiofika 600,000 na wajumbe 3. California ina watu kama milioni 39 na wajumbe 54. Gawanya mwenyewe: mtu wa Wyoming ana uzito wa karibu watu wanne wa California. Lakini ni mgombea gani huenda Wyoming kuomba kura? Matokeo yake yanajulikana kabla kampeni hazijaanza. Kambi hupigwa Pennsylvania, jimbo ambalo si dogo hata kidogo. Yanayolindwa ni majimbo yasiyotabirika.

Chimbuko la mfumo huu nalo halipendezi. Kule Philadelphia mwaka 1787, Katiba ya Marekani ikiandikwa, James Madison, mmoja wa waandishi wake, alikiri kuwa kura ya moja kwa moja ingefaa zaidi, ila majimbo ya kusini yangepunjwa, kwa kuwa watumwa wao hawakupiga kura. Katika hesabu ya wajumbe, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu, na uzito huo wakaufaidi mabwana zao.

Ipo hoja moja ninayoiheshimu. Marekani haina tume ya taifa inayohesabu kura za rais kama IEBC ya Kenya au INEC ya Tanzania. Kila jimbo lina sheria zake. Mwaka 2000 mvutano juu ya tofauti ya kura 537 ulibaki Florida pekee. Kama rais angechaguliwa kwa kura za taifa, nazo zikakaribiana hivyo, mvutano ungezuka majimbo yote 50 kwa mpigo.

Bado ningeuondoa mfumo huu. Kama hofu ni rais kuchaguliwa na upande mmoja wa nchi, Kenya ilishalijibu hilo katika Katiba ya 2010: zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Mgombea anatembea nchi, na hakuna mjumbe katikati.

Kuuondoa ndiyo kazi. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha mabadiliko ya Katiba ya kuufuta kwa kura 338 dhidi ya 70, yakafia Seneti. Hata yangepita huko, yangehitaji ridhaa ya majimbo 38. Sasa baadhi ya majimbo yamewekeana mkataba: wajumbe wetu watamfuata mshindi wa kura za taifa, mradi kwa pamoja tufikishe 270. Wameshavuka 200. Pennsylvania haijatia saini, na sioni kwa nini itie.