Kompyuta haifunzwi kwa chaki

Muhula uliopita mwanafunzi wa mwaka wa nne alibisha mlango wa ofisi yangu, akanisalimu kwa sauti ya chini, kisha akasimama kimya kama mtu aliyeleta habari za msiba. "Mwalimu," alisema hatimaye, "kazi yangu imepotea." Kazi yenyewe ilikuwa mradi wake wa utafiti, kurasa 60, alioupiga chapa kwa miezi mitatu katika saiba iliyo karibu na lango la chuo. Aliuhifadhi katika flashi moja tu, na sasa flashi hiyo ilikuwa imekataa katakata kufunguka. Nilipomuuliza nakala ya pili iko wapi, alinitazama kwa mshangao. "Nakala ipi tena, Mwalimu?"

Nikataka kujua kama hakuwahi kusoma kompyuta. Kumbe alisoma! Katika mwaka wa kwanza alilifanya somo la utangulizi wa kompyuta, linalowalazimu wanafunzi wote, na akapata alama ya A. Mtihani ulimtaka afafanue maana ya kompyuta, ataje vizazi vyake na atofautishe maunzi na programu. Hadi leo anakumbuka kuwa mashine ya ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka wa 1946, ilikuwa na uzito wa takriban tani 30. Yote hayo aliyajua barabara. Jambo ambalo hakuna aliyemwambia ni kwamba flashi hufa.

Laiti kisa hiki kingekuwa cha mtu mmoja, nisingekileta hapa. Lakini walimu wenzangu wa vyuo watakubaliana nami kuwa somo hili, katika vyuo vingi, limegeuka kuwa somo la kukariri. Nimeuona kwa macho yangu ukumbi wa wanafunzi 300 ambamo mhadhiri alichora kibodi ubaoni kwa chaki, herufi baada ya herufi, nao wanafunzi wakainakili daftarini. Simlaumu. Chumba cha kompyuta alichopewa kilikuwa na mashine 40, na si zote zilizokuwa hai.

Hata wanapoingia katika chumba hicho, hutokea jambo ambalo ni vigumu kuligundua usipokaa nyuma na kutazama. Wanafunzi watatu huketi mbele ya mashine moja, na anayeshika kipanya daima ni yule anayejua tayari. Huyo alisoma shule ya upili iliyokuwa na kompyuta, au kuna moja nyumbani kwao. Wenzake wawili, waliotoka shule ambazo stima ilifika juzi, hutazama tu na kuitikia kwa kichwa. Saa ikiisha, aliyejua ameongeza ujuzi, na asiyejua ameongeza haya. Kwa hiyo somo lililowekwa ili kuziba pengo kati ya watoto wa matajiri na wa maskini ndilo linalolipanua.

Yamkini msomaji atasema kwamba vijana wa leo wamezaliwa na simu mkononi, hivyo hawahitaji kufundishwa. Hoja hii huisikia mara kwa mara, na kila mara hunikera. Simu ni kompyuta, sikatai, lakini ni kompyuta iliyotengenezwa ili mwenyewe asijue kinachotendeka ndani yake. Kijana anayechapa ujumbe kwa vidole gumba haraka kuliko karani wa zamani, ukimwuliza faili aliyotumiwa jana imekaa wapi, atakujibu kuwa imo "ndani ya WhatsApp". Hajui tofauti kati ya kumbukumbu ya muda na hifadhi ya kudumu. Mimi huifundisha kwa kutumia meza na kabati. Unachokiandika kiko juu ya meza. Stima ikipotea, meza hufagiliwa papo hapo. Kuhifadhi ni kukitia kabatini. Na kwa kuwa kabati nalo huweza kuungua, mtu mwenye busara huwa na la pili katika nyumba nyingine. Gharama yake ni ndogo mno: herufi moja huchukua baiti moja, kwa hivyo kurasa 60 zenye herufi 2,000 kila moja ni baiti 120,000 hivi. Picha moja tu ya simu huzidi hapo.

Mfano huo huutoa kwa Kiswahili, ingawa mihadhara yetu ni ya Kiingereza, na safu nzima za nyuma huinua vichwa. Tusibishane sana juu ya majina. Wapo wanaosema tarakilishi, wapo waliopendekeza ngamizi, mimi nasema kompyuta na naeleweka. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Basi atakayedai lugha yetu haiwezi amechelewa sana.

Ipo programu moja ambayo kila mwalimu mtarajiwa angepaswa kuijua kabla ya kuhitimu, nayo ni lahajedwali. Dan Bricklin, akiwa mwanafunzi Harvard, alimtazama mhadhiri wake akikokotoa hesabu ubaoni. Kosa moja lilipoonekana, ilibidi tarakimu nyingi zifutwe na kuandikwa upya. Hapo ndipo lilipomjia wazo la ubao utakaojisahihisha wenyewe, na mwaka wa 1979 yeye na Bob Frankston wakatoa VisiCalc. Ajabu ni kuwa nimekuta walimu wenye shahada wanaojumlisha alama za wanafunzi kwa kikokotoo, kisha wanaziandika jumla hizo ndani ya lahajedwali, moja baada ya nyingine. Alama moja ikirekebishwa, wanaanza upya. Wamerudi ubaoni!

Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka wa 2016, mwaka ambao serikali ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma, ndio waliofanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023. Je, vyuo vitawapokea kwa chaki?

Rai yangu ni kwamba mtihani wa somo hili ufanywe mbele ya mashine. Mtahiniwa apewe alama za wanafunzi 40, atafute wastani, aandike barua ya ukurasa mmoja kwa mzazi, aihifadhi mahali pawili kwa jina aliloambiwa, aifunge, kisha aitafute tena. Nusu saa inatosha. Mashine zikiwa chache, waingie kwa zamu, kama wafanyavyo watahiniwa wa KCSE katika mtihani wa kemia wa maabarani. Huko hakuna anayepewa alama za matendo kwa kueleza tu jinsi bureti inavyoshikwa. Na katika mafunzo, iwe sheria kuwa kipanya kianze kwa asiyejua.

Yule binti alikuwa na bahati: rasimu zake za mkono zilikuwapo, akazipiga chapa upya kwa wiki tano. Siku hizi kila jioni hujitumia nakala kwa barua pepe, na mimi hunitumia nyingine bila kuombwa. Ya jana iliitwa "Mwisho kabisa 4".