Sauti Inayokatwa Vipande: Namna ya Kuchagua Pedali ya Tremolo

Uzi wa gitaa la umeme ukichanwa mara moja hutoa sauti inayoanza kwa nguvu, kisha ikafifia polepole hadi kutoweka. Tremolo ni ufundi wa kuongeza na kupunguza nguvu ya sauti hiyo mara kadhaa katika kila sekunde, pasipo mpigaji kuugusa uzi tena. Nguvu ikipanda na kushuka kwa upole, sauti huyumbayumba kama mashua iliyotia nanga. Ikifunguliwa na kufungwa kwa ghafula, sauti hukatika vipande vikavu, na kati ya kipande na kipande pakawa kimya kitupu. Ni sauti hii ya pili inayoelezwa hapa.

Taabu ni kwamba pedali za namna zote mbili huuzwa kwa jina moja, na nyingi zina vifundo vilevile viwili vya kuzungushia: kimoja cha mwendo, kingine cha kina. Kijana aliyedunduliza fedha zake na kuagiza kifaa kutoka mbali bila kukisikia aweza kukizungusha kila kifundo hadi mwisho, na bado sauti ikawa inayumba tu. Kifaa si kibovu. Hakikuundwa kukata.

Majina yenyewe huzidisha mkanganyiko. Tremolo ni kubadilika kwa nguvu ya sauti, yaani kimo cha wimbi. Vibrato ni kubadilika kwa wembamba na unene wa sauti, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Lakini kampuni ya Fender ya Marekani ilipotoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954, mkono wake wa chuma unaolegeza na kukaza nyuzi uliitwa tremolo, ingawa kazi yake ni vibrato. Kinyume chake, vikuza sauti vingi vya kampuni hiyohiyo viliandikwa “vibrato” mahali ambapo palikuwa na tremolo halisi. Kwa hiyo jina lililoandikwa juu ya kifaa si ushahidi wa kutosha.

Mojawapo ya vifaa vya kwanza vya tremolo vilivyojitenga na kikuza sauti ni kile cha DeArmond, kilichouzwa Marekani tangu miaka ya 1940. Ndani yake mota ndogo ilitikisa kichupa chenye majimaji yapitishayo umeme. Majimaji yalipogusa kiungo cha chuma, sehemu ya mkondo wa gitaa ilikimbilia ardhini na sauti ikapungua. Yalipoondoka, sauti ikarudi. Bo Diddley, aliyerekodi Chicago mwaka 1955 wimbo uliobeba jina lake mwenyewe, alikuwa miongoni mwa waliokipa kifaa hicho umaarufu. Lakini majimaji huteleza, hayakati. Sauti yake ilikuwa na ulaini ambao baadhi ya wapigaji huutafuta hadi leo.

Kuanzia mwaka 1963 Fender ilianza kutumia njia nyingine katika vikuza sauti vyake: taa ndogo ya neoni iliyofungiwa gizani pamoja na kikinza-mwanga, yaani kifaa ambacho ukinzani wake hupungua kinapomulikwa. Taa ikiwaka, ukinzani hushuka na sauti humwagwa ardhini. Taa ikizimika, sauti hurejea. Kwa kuwa taa ya neoni huwaka na kuzimika bila kusitasita, sauti hiyo ina ukali fulani kuliko ile ya vikuza sauti vinavyobadilisha kazi ya vali za mwisho. Hata hivyo kikinza-mwanga kina tabia moja isiyoondoka: hupokea mwanga upesi, lakini husahau mwanga polepole. Gizani huchukua makumi ya milisekunde kabla ya ukinzani wake kupanda vya kutosha. Basi katika saketi ya namna hii sauti hufungwa haraka, kisha hufunguka kwa uvivu.

Uvivu huo una uzito gani? Tuseme ngoma zinakwenda mapigo 120 kwa dakika, yaani mawili kwa sekunde, na mpigaji anataka vipande vinne katika kila pigo. Hiyo ni mikato 8 kwa sekunde. Kila mzunguko huchukua milisekunde 125, na nusu yake, milisekunde 62.5, ndiyo muda wa sauti. Nusu ya pili ni kimya. Kikinza-mwanga kikichelewa kwa milisekunde 30 au 40, karibu nusu ya kipande au zaidi imekwisha kabla sauti haijasimama sawasawa. Sikio halisikii tena mkato, husikia mawimbi.

Hapa ndipo siri ilipo. Ukavu wa sauti hautokani na kifundo cha kina peke yake. Kina huamua sauti itashuka hadi wapi. Umbo la wimbi linaloiongoza huamua itashukaje. Wimbi laini hupanda na kushuka bila kona. Wimbi la pembetatu lina kona juu na chini, lakini safari zake ni miteremko. Wimbi la mraba halina miteremko: juu, chini, juu, chini, kama swichi ya taa. Anayetaka vipande na atafute pedali yenye wimbi la mraba, au yenye kifundo cha tatu cha kubadili umbo la wimbi. TR-2 ya kampuni ya Boss ya Japani, iliyotoka mwaka 1997, ni mfano unaojulikana sana: kifundo chake cha tatu huenda kutoka pembetatu hadi mraba. Zipo pia pedali zinazoruhusu kubadili uwiano wa muda wa sauti na muda wa kimya. Kipande kifupi kikifuatwa na kimya kirefu husikika kikali zaidi kuliko nusu kwa nusu, ingawa mwendo ni uleule.

Wimbi la mraba nalo lina gharama. Sauti ikikatwa papo hapo wakati wimbi la uzi liko juu, mruko huo wa ghafula huzaa mitetemo ya kila namna kwa pamoja, nayo husikika kama “tik”. Mtengenezaji mwangalifu huupa ukingo wa mraba mteremko mdogo wa milisekunde mbili au tatu: mfupi mno kwa sikio kuutambua, lakini watosha kuizuia tiki. Mtengenezaji asiye mwangalifu huiacha saketi ya mwendo ivujishe tiki yake hata pale gitaa linaponyamaza. Kasoro hii hupatikana kwa urahisi: gitaa liachwe bila kupigwa, kikuza sauti kiinuliwe, kisha msikilizaji atulie.

Nafasi ya pedali katika mnyororo wa vifaa ni jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo huharibu kazi ya pedali nzuri. Pedali ya kukwaruza sauti hufanya kazi kwa kukata vilele vya wimbi vinapozidi kiwango fulani. Sauti inayoingia ikiwa mara 10 ya kiwango hicho, kisha tremolo ikaipunguza hadi mara 5, bado imezidi, na kinachotoka karibu hakibadiliki. Kwa hiyo tremolo ikitangulia mkwaruzo, mabonde yake hufukiwa. Ikifuata, hukata sawasawa. Mwangwi nao uko hivyohivyo: ukiwekwa baada ya tremolo, mkia wake hujaza nafasi za kimya.

Jambo jingine ni kwenda sambamba na wanamuziki wengine. Mwaka 1984 kundi la The Smiths la Uingereza liliporekodi “How Soon Is Now?”, Johnny Marr na mtayarishaji John Porter waliipitisha sauti ya gitaa katika vikuza sauti vinne vya Fender Twin Reverb, kila kimoja na tremolo yake, wakawa wanairekebisha miendo kwa mkono. Vikuza sauti vilikuwa vikipishana baada ya muda mfupi, hivyo kazi ilifanywa kwa vipande. Pedali nyingi za leo zina swichi ya kugonga kwa mguu ili kifaa kijifunze mwendo wa ngoma. Kwa sauti inayoyumba, swichi hiyo ni anasa. Kwa sauti inayokatwa ni karibu lazima, kwa sababu kila mkato husikika kama pigo, na pigo lililokosea mahali halifichiki.

Asiyeweza kwenda dukani aombe sauti iliyorekodiwa, kisha aifungue katika programu ya kurekodia kwenye simu au kompyuta. Mchoro wa sauti utamwonyesha kama kingo zimesimama wima au zimelala, na kama kati yake mstari umefika sifuri kweli.

Shuleni jambo hili laweza kuonyeshwa kwa vifaa vya betri tupu. Kikinza-mwanga kiunganishwe katika waya unaotoka kwenye redio ndogo kwenda kwenye tundu la kuingizia sauti la kikuza sauti kidogo, kikingwe dhidi ya mwanga wa chumba, na kimulikwe kwa tochi. Kisahani cha kadibodi kilichokatwa nusu kizungushwe katikati kwa mota ndogo. Mwanga ukipita katika upenyo mwembamba ulio karibu na kisahani, mikato huwa mikali. Upenyo ukipanuliwa, sauti huanza kuyumba, maana ukingo wa kadibodi sasa huufunika mwanga kidogo kidogo. Kisha upenyo mwembamba urudishwe na mwendo uongezwe. Kadiri kisahani kinavyokwenda kasi ndivyo nafasi za kimya zinavyojaa sauti, ingawa ukingo wa kadibodi ni uleule na tochi ni ileile. Wanafunzi wapewe nafasi ya kutafuta wenyewe ni kifaa kipi kati ya vyote kinachochelewa.