Askari wa risasi: kwa nini nimerudia brashi nikiwa na diploma mfukoni



Niseme ukweli mapema kabla mtu hajanicheka. Nina miaka 29, nina diploma ya metalurgia, na jioni nyingi ninakaa mezani ninapaka rangi visanamu vya askari ambavyo havifiki hata urefu wa kidole gumba. Mama alipoona mara ya kwanza aliuliza: "Injenyeri mzima, uko napaka bapupe rangi?"

Swali lake ni la haki, na wengi wenu mngeuliza vilevile. Basi leo najibu. Nitaeleza visanamu hivi ni nini, vilitoka wapi, na vinapakwa namna gani bila mtu kujidhuru. Nitaeleza pia kwa nini mtu wa Likasi asiviangalie kama mambo ya wazungu tu yasiyomhusu.

KOPO LA BISKUTI

Baba mdogo aliishi Liège, Ubelgiji. Nilipokuwa mwaka wa tatu wa sekondari alikuja likizo na kopo la biskuti. Biskuti hazikuwemo. Ndani mlikuwa visanamu 22 vya metali, alivyonunua kwa bei ya chini kwenye soko la La Batte, lile la kila Jumapili kando ya mto Meuse. Vilikuwa vya miaka ya 1980: askari wa anga wenye kofia ngumu, maroboti, na viumbe wenye meno kama ya ngiri walioshika bunduki. Alinipa akasema: "Wewe unapenda kuchora. Angalia utafanya nini."

Nilifanya vibaya. Nilichukua rangi ya mafuta ya kijani iliyobaki baba alipopaka mlango wa sebule, nikaipaka kwa kijiti cha kiberiti kilichofungwa pamba. Rangi ilikuwa nzito kama asali. Nyuso zikapotea, vidole vikashikana, macho yakazibwa. Niliona haya, nikasukuma kopo chini ya kitanda. Kisha yakaja mitihani ya Serikali, chuo kikuu, memwari, na baada ya hapo ile kazi tunayoijua wote: kupeleka dosiye na kungoja.

Mwaka jana baba mdogo alifariki huko huko Ulaya. Hatukuweza kwenda kumzika. Siku tulipokuwa tunapanga vitu vya chumba kipya, kopo likaanguka, na askari wote 22 wakamwagika kwenye sementi, wa kijani kama mlango wetu. Hapo ndipo niliporudi.

VITA VYA MEZANI VILIANZIA WAPI

Mchezo wa vita wa mezani si wa watoto kwa asili. Mwanzoni mwa karne ya 19 maofisa wa Prussia walikuwa wanajifunza vita juu ya ramani, kwa vipande vidogo na dadu. Lakini aliyeuleta nyumbani kwa watu wa kawaida ni mwandishi Mwingereza, H. G. Wells. Mwaka 1913 alitoa kitabu Little Wars, chenye kanuni za kupigana kwa askari wa kuchezea sakafuni. Hoja yake ilikuwa kwamba vita vidogo vya sakafuni ni bora kuliko vile vikubwa vya kweli. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaja.

Wells huyo huyo ndiye aliyeandika The War of the Worlds, mwaka 1898, hadithi ya viumbe wa Marsi wanaovamia Uingereza. Kwa hiyo mtu mmoja alisimama kwenye mizizi miwili: hadithi za kisayansi za kubuni, na askari wadogo wa mezani. Mizizi hiyo ilikutana vizuri zaidi katika miaka ya 1970 na 1980, Uingereza na Marekani, wakati makampuni madogo yalipoanza kumimina askari wa wakati ujao. Mwaka 1987 ukatoka Warhammer 40,000, mchezo ambao bado unachezwa duniani kote. Visanamu vyangu ni vya kipindi hicho.

Sasa sikilizeni sehemu yetu. Mwaka 1914 Wells alitoa kitabu kingine, The World Set Free, akaeleza humo mabomu ya atomi, miaka 31 kabla hayajakuwepo. Mwanafizikia Leo Szilard alikisoma mwaka 1932, na mwaka uliofuata akapata wazo la namna nguvu ya atomi inavyoweza kufunguliwa mfululizo. Mwaka 1939 Szilard alisaidia kutunga barua ambayo Einstein aliitia sahihi kwenda kwa rais Roosevelt. Barua hiyo inataja wazi kwamba chanzo kikubwa cha urani kiko Kongo ya Wabelgiji. Maana yake ni Shinkolobwe, kilomita 20 hivi kutoka hapa ninapoandika. Edgar Sengier wa Union Minière alipeleka zaidi ya tani 1,000 za madini hayo New York mwaka 1940. Tarehe 6 Agosti 1945, Hiroshima.

Mara nyingi tunasoma kwamba "siku zijazo" ziliwazwa na watu wa mbali, na sisi tukaja kuziona kwenye filamu. Lakini hofu ile ya atomi, iliyojaza vitabu na michezo ya zamani ya anga, ilikuwa na jiwe la hapa ndani yake. Ninapopaka rangi askari wa vita vya kesho, sijaingia nyumba ya jirani bila kubisha hodi.

METALI YENYEWE

Visanamu vya wakati ule vilimiminwa kwa mchanganyiko wa risasi na bati, ile bati iliyochimbwa kwetu Manono. Risasi peke yake inayeyuka kwenye nyuzi 327, bati kwenye 232. Ukizichanganya, bati 63 kwa mia na risasi 37, zinayeyuka kwenye 183 tu. Shaba yetu inadai nyuzi 1,085. Ndiyo maana jeshi zima linaweza kutoka kwenye karakana ndogo: metali inamiminwa katika kalibu ya mpira inayozungushwa kwa kasi, mpaka inafika kwenye ncha za vidole vya askari.

Kiswahili kimefanya jambo la ajabu hapa. Risasi ni metali, na risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki. Zote mbili zinaua, ila moja inaua polepole. Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi lake bado linaingia katika damu ya watoto wa pale. Katika miaka ya 1990 watengenezaji wengi wa visanamu waliacha risasi, ila vya zamani bado vinayo. Basi ukikuta kimoja sokoni au kwa ndugu aliyetoka Ulaya, shika sheria hizi: usikisugue kwa tupa wala msasa, kwa sababu hatari iko kwenye vumbi. Usile mezani pale. Nawa mikono kwa sabuni. Weka mbali na watoto, maana wao kila kitu kinaenda mdomoni.

Na usilambe brashi ili kupata ncha. Karne moja iliyopita wasichana wa viwandani Marekani walipaka namba za saa kwa rangi ya radiamu, wakilamba brashi kama walivyofundishwa. Wengi waliugua mifupa ya taya, na baadhi walikufa. Shinkolobwe nayo, kabla ya bomu, ilichimbwa kwa ajili ya radiamu.

NAMNA NINAVYOPAKA

1. Kutoa rangi ya zamani. Nilinunua asetoni ya kutolea rangi ya kucha kwa mama mmoja soko la Kikula. Nikaweka visanamu katika chupa ya kioo yenye kifuniko, usiku mzima, nje ya nyumba na mbali na mbabula, kwa sababu asetoni inashika moto haraka. Asubuhi nikavaa glavu, nikavisugua kwa mswaki wa zamani. Kwa kisanamu cha plastiki usijaribu, kitayeyuka. Rangi ya mlango ilitoka vipande vipande, na chini yake nikaona nyuso ambazo sikuwahi kuziona tangu nikiwa mtoto. Mmoja alikuwa anacheka. Nilimficha miaka 15 bila kujua.

2. Rangi ya msingi. Rangi haishiki vizuri juu ya metali tupu. Mafundi wa magari wana rangi ya kijivu ya kupuliza, wanayoipaka gari kabla ya rangi yenyewe. Tabaka moja jepesi linatosha.

3. Tabaka nyembamba. Hapa ndipo nilipokosea zamani. Rangi ya akriliki, niliyoagiza kwa rafiki anayekwenda Lubumbashi, inapunguzwa kwa maji mpaka inakuwa kama maziwa. Tabaka la kwanza litaonekana baya, lina mabaka. Usiongeze. Ngoja likauke, upake la pili. Mbili nyembamba zinashinda moja nzito, kila siku.

4. Kivuli. Chukua rangi nyeusi au kahawia, iwe maji zaidi. Ipitishe juu ya kisanamu chote. Inateremka yenyewe kwenye mikunjo na mashimo, na ghafla uso unapata kina.

5. Mwangaza. Chovya brashi katika rangi nyeupeupe, kisha ifute kwenye kitambaa mpaka iwe karibu kavu. Ipitishe haraka juu ya sehemu zilizoinuka tu: pua, mabega, kingo za kofia.

Rangi za deraya nilichagua mwenyewe. Nilipaka shaba, kisha kijani cha malakiti kwenye pembe na viungo, kwa sababu shaba ikikaa nje muda mrefu inageuka hivyo. Kila mtoto wa Likasi ameona kijani kile kwenye mawe. Chini ya miguu yao nimegundisha mchanga mwekundu wa uani kwetu, si wa karibu na viwanda.

NKAMBO NA DIRISHA

Niliweka saba vikauke dirishani. Nkambo akapita.

"Njo nini ile unaweka ku dirisha?"

"Ni basoda, nkambo. Ba mu hadithi."

"Basoda? Mu nyumba yetu?" Akakaa. "Vita haiko mchezo."

Nkambo alikuwa na miaka 11 mwezi wa Septemba 1961, wakati mji huu ulikuwa unaitwa Jadotville. Kuanzia tarehe 13 hadi 17, jeshi la Katanga lilizingira kompani ya Waairishi wa Umoja wa Mataifa, kama watu 150 na kidogo, chini ya komanda Pat Quinlan. Ndege ya Katanga iliwapiga kutoka juu. Risasi na maji vilipowaishia wakajisalimisha. Filamu ilitoka mwaka 2016, na wengi wetu tuliiona kwenye simu. Nkambo hakuiona. Yeye anakumbuka sauti ya ndege na saruji baridi chini ya kitanda.

Nilimweleza habari ya Wells, kwamba vita vya mezani havimuui mtu. Alisikiliza vizuri. Kisha akachukua askari mmoja, akamgeuza, akauliza: "Na batu benye kukimbia, beko wapi?"

Sikuwa na jibu. Katika kopo lote kuna askari 22 na hakuna hata mtu mmoja anayekimbia na mtoto mgongoni. Nimesoma habari za mchezo huu miaka mingi na swali hilo halikunijia. Alihitajika mtu aliyekuwa chini ya kitanda.

Kulikuwa na kisanamu kimoja kilichovunjika mkono wa bunduki. Nilikichukua, nikakifanyia mzigo wa kichwani kwa gundi ngumu ya mafundi. Nkambo alichagua rangi ya kitenge chake: manjano na buluu. Kilinichukua jioni nne. Sasa kinasimama dirishani mbele ya wale wengine, na nkambo akipita anakiangalia hicho kwanza.

NIMEPATA NINI

Sitawadanganya. Visanamu havijanipa kazi, na dosiye zangu bado ziko kwenye meza za watu. Siku mbili kwa juma nasaidia fundi mmoja kuchomelea, ndiyo inayolipa rangi. Lakini wewe uliyemaliza masomo na unangoja unajua kinachochosha zaidi: ni kuona juma linapita na hakuna kitu ulichokianza kikaisha. Askari mmoja anaisha. Unamweka chini, unaona ulipokosea, na wa pili anakuwa bora kidogo.

Mama haulizi tena kuhusu bapupe. Juzi aliuliza kama ninaweza kupaka upya sanamu ya Bikira Maria ya kikundi chao cha sala, ambayo pua imebabuka. Nimekubali. Hiyo ni ya plasta, kwa hiyo asetoni sitaigusa.

Katika kopo wamebaki askari 14. Kama unayo brashi nyembamba, namba 0 au 1, ambayo huitumii, nitafute Kikula. Na kama una kitu chako chini ya kitanda, kitoe usiku wa leo ukiangalie tu.